Pumzi ya Mtoto Njiti Huanzia Kliniki

Mtoto akizaliwa kabla ya wiki 37 za ujauzito, kinachotishia uhai wake mapema kuliko vyote ni pumzi, na ndugu wanaokusanyika nje ya wodi huulizia gesi kabla ya kitu kingine. Ipo? Mtungi umejaa? Siku hizi swali hilo limerefuka. Mjomba aliyeko Dar es Salaam au binamu aliyeko Ulaya anapiga simu kusema amesoma habari za gesi nyingine, oksidi ya nitriki, inayovutwa kwa mashine na kufungua mishipa ya mapafu ya vichanga, na hapo familia inaanza kupiga hesabu ya mahindi na ng'ombe wa kuuza ili mtoto apelekwe inakopatikana. Nawaandikia wazazi wa Rudewa, wawe Gongoni, Batini au Mbuyuni, na wenzao wa Kilosa yote hadi Mikumi, kwa sababu fedha na saa za thamani hupotea katika kuikimbilia gesi ambayo mtoto haihitaji, huku yale yanayomwokoa yakiwa karibu zaidi na nyumbani. Gesi ni dawa. Ina mahali pake, ina kipimo chake, na ina madhara yake.

Tuanze na pafu lenyewe. Ndani ya mapafu kuna vifuko vidogo mno vya hewa, na ili vifuko hivyo visigandane kila tunapotoa pumzi, mwili hutengeneza majimaji ya utelezi yanayovipaka kwa ndani. Wataalamu huyaita safaktanti. Mtoto huanza kuyatengeneza akiwa tumboni, kuanzia kama wiki ya 24, lakini hayawi ya kutosha mpaka karibu wiki ya 34 au 35. Anayezaliwa kabla ya hapo huvuta pumzi, vifuko vikafunguka, kisha akitoa pumzi vinagandana kama mfuko wa nailoni uliolowa. Pumzi inayofuata inabidi avifungue upya kwa nguvu zilezile. Hufanya kazi hiyo mara sitini na zaidi kwa dakika, hadi misuli inachoka. Kwa hiyo mtoto anayeonekana mzima saa ya kwanza anaweza kuzidiwa saa ya sita, na wazazi wakadhani amerogwa au nesi amemfanyia kitu.

Ugonjwa huu haukuchagua maskini. Mwezi Agosti 1963, mtoto wa Rais John Kennedy wa Marekani, aliyeitwa Patrick, alizaliwa akiwa na kilo 2 na ushee, mimba ikiwa na wiki 34 hivi. Aliishi saa 39. Hospitali bora za nchi tajiri kuliko zote zilishindwa kumpa pumzi, kwa kuwa wakati ule dawa haikuwepo. Leo mtoto wa uzito huo, akizaliwa panapojulikana la kufanya, ana nafasi kubwa ya kupona bila mashine yoyote ya ajabu.

Dawa yenye nguvu kuliko zote katika jambo hili haivutwi puani kabisa. Ni sindano ya deksamethasoni, na anayechomwa ni mama. Uchungu ukianza mapema, au presha ikipanda kiasi kwamba mtoto itabidi atolewe kabla ya wakati, mama hupewa miligramu 6 kila baada ya saa 12, dozi nne, siku mbili. Dawa inapita hadi kwa mtoto na kuyaharakisha mapafu yake. Shirika la Afya Duniani lilichapisha mwaka 2020 matokeo ya utafiti uliofanyika Kenya, Nigeria, India, Pakistan na Bangladesh: kwa kila wajawazito 25 waliochomwa sindano hiyo, mtoto mmoja zaidi aliishi. Ni dawa ya bei ndogo, ya miaka mingi, isiyohitaji umeme.

Ila ina masharti, na hapa ndipo kliniki inapoingia. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti mwingine wa nchi sita, Kenya na Zambia zikiwemo, ambao sindano za aina hii zilisambazwa hadi ngazi za chini, na watoto waliokufa wakaongezeka badala ya kupungua. Wengi wa mama waliochomwa hawakuwa na mimba changa kama ilivyodhaniwa, na si kote palikuwa na huduma ya kutosha kwa mama na mtoto baada ya sindano. Kwa hiyo daktari anatakiwa ajue kwa uhakika mimba ina wiki ngapi, awe na sababu ya kuamini kwamba mtoto atazaliwa ndani ya siku saba, mama asiwe na maambukizi ya mfuko wa uzazi, na pawe na mahali pa kumhudumia njiti. Umri wa mimba haupatikani kwa kukisia tumbo mwezi wa saba. Unapatikana kwa mama aliyefika kliniki mapema, kabla ya wiki 12, akaeleza tarehe ya hedhi yake ya mwisho, ikaandikwa kwenye kadi, na ikiwezekana akapimwa kwa ultrasaundi. Mama anayesubiri mimba ionekane ndipo aende zahanati, kwa kuogopa macho ya watu, anamnyima mtoto wake sindano ya miezi mitano baadaye, kwa sababu hakuna daktari makini atakayeichoma bila kujua wiki. Baba, hili linakuhusu. Mpeleke mkeo kliniki mwezi wa pili au wa tatu, na siku ya hedhi ya mwisho uijue wewe pia.

Hukohuko kliniki ndiko yanakozuiliwa baadhi ya mambo yanayoleta uchungu kabla ya wakati. Bonde letu lina malaria, na malaria ya mjamzito hushambulia kondo la nyuma. Vidonge vya SP vinavyomezwa mbele ya nesi na chandarua chenye dawa vina kazi kubwa kuliko vinavyoonekana. Maambukizi ya njia ya mkojo hugunduliwa kwa kipimo cha mkojo. Presha hugunduliwa kwa kupimwa presha. Sina la kuongeza hapo isipokuwa kwamba vipimo hivyo vidaiwe kila hudhurio, kwa upole, lakini vidaiwe.

Sasa mtoto amezaliwa. Kama halii na hapumui, dakika ya kwanza ndiyo yenye uamuzi: akaushwe, asuguliwe mgongo, na asipoanza kupumua apuliziwe kwa mfuko na barakoa. Wakunga wanaiita dakika ya dhahabu. Mafunzo hayo yalijaribiwa hapa Tanzania kuanzia 2009 katika hospitali kadhaa, na vifo vya vichanga ndani ya saa 24 vikapungua kwa karibu nusu, asilimia 47. Kilichopulizwa kwa wengi wa watoto wale kilikuwa hewa ya kawaida, hii tunayovuta sote. Mtoto asiyepumua anahitaji mapafu yake yafunguliwe kwanza. Kumwekea mrija wa oksijeni puani wakati kifua hakipandi hakumsaidii.

Anayepumua kwa shida ana dalili ambazo hata bibi asiyejua kusoma anaweza kuzitambua. Mfungue nguo, umtazame akiwa ametulia. Hesabu pumzi zake kwa dakika nzima kwa saa ya simu. Zikifika 60 au kuzidi, hesabu tena, na zikiwa hivyohivyo ni hatari. Tazama kama kifua kinabonyea chini ya mbavu kila anapovuta, kama pua inatanuka, na sikiliza kama anaguna kila anapotoa pumzi. Mguno huo ni juhudi yake ya kuzuia vifuko vya hewa visigandane, na ni dalili mbaya, ingawa wengi huudhania ni sauti ya mtoto anayejinyoosha. Kwa watoto weusi rangi ya midomo inadanganya. Angalia ulimi na ufizi, vikiwa na ubluu usisubiri. Njiti wachanga zaidi husahau kupumua kabisa kwa sekunde 20 na zaidi, kisha wakaanza tena. Hospitalini kuna dawa ya kafeini inayouamsha ubongo usisahau. Nyumbani hakuna dawa ya hilo.

Mtoto anayepumua hivyo asinyweshwe kitu kwa mdomo, hata maziwa ya mama kwa kijiko. Yataingia njia ya hewa. Mama akamue dang'a, nesi ampitishie mtoto kwa mpira mwembamba, na aendelee kukamua kila saa tatu, usiku pia, ili maziwa yasikate wakati mtoto anajenga nguvu.

Tuje kwenye oksijeni, na nitakaa hapa kidogo, kwa sababu ndipo penye kosa linalofanywa kwa upendo. Mzazi akiona mtoto anahangaika huomba gesi iongezwe. Wapo wanaokizungusha wenyewe kitasa cha mtungi nesi akigeuka. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21. Katika miaka ya 1940 na mwanzoni mwa 1950, hospitali za Ulaya, Marekani na Australia ziliwaweka njiti kwenye masanduku yaliyojazwa oksijeni nyingi, zikiamini kizuri hakizidi. Watoto wapatao 10,000 wakapofuka. Mishipa ya damu ya jicho la njiti bado haijamaliza kukua, na oksijeni ikizidi inakua ovyo hadi kuivuta retina itoke mahali pake. Mwanamuziki Stevie Wonder, aliyezaliwa 1950 wiki sita kabla ya wakati, ni mmoja wao. Walioishi waliishi bila macho, na ilichukua miaka kwa madaktari kukubali kwamba dawa yao ndiyo iliyofanya hivyo.

Kwa hiyo njiti aliye kwenye oksijeni anatakiwa avalishwe kipimo, kile kidude chenye mwanga mwekundu kinachofungwa kwenye mguu au kiganja. Akiwa anapewa oksijeni, namba inayotakiwa ni kati ya 90 na 95. Ikisoma 99 au 100 wazazi hufurahi, kumbe ni dalili kwamba amezidishiwa na ipunguzwe. Namba ya juu haina tatizo kwa mtoto anayevuta hewa ya kawaida bila mrija. Tatizo ni kuifikia kwa gesi. Kichanga mwenye mirija ya puani kwa kawaida hupewa nusu lita hadi lita moja kwa dakika, mtiririko mdogo ambao mtu mzima asingeuhisi. Mwulize nesi kwa heshima: "Dada, oksijeni yake inasoma ngapi, na tunataka isome ngapi?" Swali hilo halimuudhi mhudumu anayejua kazi yake, na humkumbusha aliyechoka. Ulizia pia umeme ukikatika mashine ya kutengeneza oksijeni itabadilishwa na mtungi upi, na uko wapi. Na mtoto aliyezaliwa chini ya kilo moja na nusu, au aliyekaa kwenye oksijeni muda mrefu, aombewe kipimo cha macho kati ya wiki ya 4 na ya 6 tangu kuzaliwa, hata kama anaonekana anakodoa vizuri. Madhara haya yakigunduliwa wakati huo hutibika. Yakigunduliwa mtoto anapofikisha mwaka mmoja ni kuchelewa.

Oksijeni peke yake haitoshi kwa njiti ambaye vifuko vyake vinagandana, maana inaingia vipi mahali palipofungwa? Huyo anahitaji msukumo. Ndiyo kazi ya mashine inayoitwa CPAP, iliyoelezwa na daktari George Gregory na wenzake huko Marekani mwaka 1971. Inapeleka hewa puani kwa mgandamizo mdogo usiokoma, vifuko vikabaki wazi hata anapotoa pumzi. Aina inayofaa mazingira yetu ni ile ya mapovu: mrija wa upande wa kutolea pumzi huzamishwa kwenye chupa ya maji, na kina cha mrija, tuseme sentimeta 5 au 6, ndicho kinachoamua mgandamizo. Hospitali ya Queen Elizabeth ya Blantyre, Malawi, ilijaribu mashine ya bei nafuu ya aina hiyo. Matokeo yaliyochapishwa 2014 yalionyesha kwamba watoto wenye shida kubwa ya kupumua waliotibiwa kwa oksijeni ya kawaida walipona 44 katika 100, na waliowekwa kwenye mapovu walipona 71. Kwa njiti waliokosa safaktanti tofauti ilikuwa kubwa zaidi: kutoka 24 hadi 65. Malawi si tajiri kutuzidi. Hapa kwetu Taasisi ya Afya Ifakara na Wizara ya Afya zimo katika mpango wa NEST360 unaopeleka vifaa vya namna hiyo hospitalini na kufundisha mafundi wa kuvitengeneza vikiharibika.

Mzazi anaweza kusaidia hapo pia. Chupa ikiacha kutoa mapovu, ina maana hewa inavuja mahali au mirija imetoka puani. Mwite nesi mara moja. Wodi yenye watoto kumi na tano na nesi mmoja inahitaji macho ya mama, na sioni aibu yoyote kulisema hilo.

Na ile oksidi ya nitriki ya mjomba? Ni kweli ipo na ni ya kweli. Ikivutwa hulegeza mishipa ya damu ya mapafu. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliipitisha Desemba 1999 kwa watoto waliotimiza miezi au waliokaribia, waliovuka wiki 34, ambao presha ya mishipa ya mapafu imepanda mno. Inataka mashine ya kupumulia, mtungi maalumu, vipimo vya kila saa na wataalamu wasiotoka kando ya kitanda. Kwa njiti wa chini ya wiki 34, jopo la wataalamu lililoitishwa na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani mwaka 2010 lilipitia tafiti zote likasema isitumike kama tiba ya kawaida: haikuwaongezea uhai. Maana tatizo la njiti wengi ni vifuko kugandana, na gesi inayolegeza mishipa haivifungui. Hukumu yangu ni hii: familia ya Rudewa yenye njiti wa wiki 30 isiuze ng'ombe kuitafuta. Iulizie kama kuna CPAP, kafeini na kipimo cha oksijeni, na kama hospitali waliyopo haina, iombe rufaa ya kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Morogoro mapema, mtoto akiwa bado ana nguvu.

Joto nimeliacha hadi sasa, na si kwa sababu ni dogo. Mtoto aliyepoa hutumia oksijeni nyingi zaidi kujipasha moto, na pumzi yake huharibika upesi. Joto lake lisishuke chini ya 36.5. Kumbeba kifuani, ngozi kwa ngozi, kulianzia Bogotá mwaka 1978 kwa uhaba wa masanduku ya joto. Mwaka 2021 utafiti wa nchi tano, Tanzania ikiwemo, ulionyesha kwamba kuanza mara tu baada ya kuzaliwa, hata kabla mtoto hajatulia, kulipunguza vifo kwa robo ukilinganisha na kusubiri. Mtoto awe uchi ila nepi, kofia na soksi, kifua kwa kifua, afungwe kwa khanga. Uso ugeuzwe upande, kidevu kiinuliwe kidogo, kwa maana shingo ikikunjika njia ya hewa inaziba. Baba anaweza kumbeba, shangazi pia. Mama mwajiriwa ajue kwamba marekebisho ya sheria ya kazi ya mwaka 2025 yanamwongezea likizo hadi zitimie wiki 40 zikihesabiwa tangu mwanzo wa mimba.

Akiruhusiwa kurudi nyumbani, jiko la mkaa lisiingie chumbani kwake, hata asubuhi za baridi za mwezi wa saba. Moshi unaumiza pafu, na mkaa unaowaka chumba kikiwa kimefungwa hutoa gesi inayoua bila harufu. Asifukizwe. Asipelekwe kukatwa kimeo kwa sababu anakohoa au anapumua kwa shida. Damu na vidonda vya koo kwa mtoto wa kilo mbili ni hatari kubwa, na kimeo hakina uhusiano wowote na ugonjwa wa mapafu yake. Wazee wetu walikuwa na nia njema, lakini nawaomba katika hili watuachie. Anayekuja kumwona mtoto akiwa na mafua asalimie akiwa mlangoni.

Limebaki la safari. Mama mwenye dalili za uchungu kabla ya mwezi wa tisa, maji kuvuja, damu, kichwa kuuma na kuona maruweruwe, asafirishwe akiwa bado na mtoto tumboni, kwa sababu hakuna gari litakalomtunza mtoto huyo kama tumbo linavyomtunza, na sindano ile inaweza kuanza akifika. Msimu wa mpunga, anayelala kibanda cha shambani mimba ikiwa imevuka wiki 28 akubaliane na mumewe njia ya kutoka, hasa masika, mito inapojaa na njia za mashambani kukatika. Kutoka Rudewa barabara ya lami inakwenda Kilosa mjini upande mmoja na Dumila upande wa pili, ambako unaikuta barabara kuu ya kwenda Morogoro. Kwa walioko Mikumi ipo Hospitali ya Mtakatifu Kizito. Kama mtoto ameshazaliwa, asafiri kifuani mwa mama chini ya khanga, na mganga mfawidhi aombwe apige simu mbele ili wapokeaji wajiandae. Msikodi bodaboda usiku kwa kukata tamaa kabla ya kujaribu mfumo wa m-mama, unaotuma gari la wagonjwa, au dereva wa jamii aliyesajiliwa, kwa mjamzito, aliyejifungua na kichanga. Iandikeni namba yake ukutani na kwenye kila simu ya nyumba: ni 115, hailipiwi, na inapokelewa usiku na mchana.